Kopo la tele, kopo la mfuto: hesabu ya maharage sokoni Birere

*Gunia huingia Goma kwa kilo na kutoka sokoni kwa kopo. Kati ya vipimo hivyo viwili kuna faida ya mmoja na hasara ya mwingine, na mara nyingi wote wawili hawajui ni kiasi gani.*

Mama muuzaji anachovya kopo ndani ya gunia la maharage na kulitoa likiwa limejaa. Haishii hapo. Kwa kiganja cha mkono wa kushoto anaongeza juu, anaongeza tena, hadi punje zinaanza kuporomoka pembeni. Analimimina kopo katika mfuko wa mteja. Mteja hajaondoka: anasubiri matabishi, yaani nyongeza ya bure. Konzi moja inaingia juu ya hesabu, noti inabadilisha mikono, biashara imekwisha.

Ndivyo maharage yanavyouzwa Birere. Mchele ni vivyo hivyo, na unga wa muhogo, karanga na samaki wa sambaza waliokaushwa. Mizani haikuonekana, wala neno kilo halikutamkwa. Hata hivyo gunia lile lilinunuliwa kwa kilo, likatozwa ushuru na nauli kwa kilo, na deni lake litalipwa kwa bei ya kilo.

Swali la makala hii ni jepesi kuliuliza na gumu kulijibu: kopo moja ni kilo ngapi?

Mtaa wa mpakani

Birere umebanana kati ya katikati ya mji wa Goma na mpaka wa Rwanda. Ukivuka kizuizi kidogo, uko Gisenyi. Makumi ya maelfu ya watu wamezoea kupita hapo kwa siku katika nyakati za amani, wengi wao wanawake wenye mzigo kichwani au mgongoni. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilishuka ikapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, ikafunika sehemu kubwa ya eneo la biashara. Watu walijenga upya juu ya mawe yaleyale, na biashara ikarudi.

Chakula hufika hapa kwa njia nyingi. Maharage na viazi hushuka kutoka Rutshuru na Masisi pale barabara inapokubali. Bidhaa nyingine huja kwa boti kutoka upande wa Bukavu, nyingine huvuka mpaka. Chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, huteremsha magunia hadi mlangoni pa bohari. Mpaka hapo kila kitu kina uzito unaojulikana, au angalau unaodaiwa kujulikana.

Gunia likifunguliwa mbele ya mteja, uzito unaachwa nyuma na ujazo unashika kazi. Kipimo kinachotajwa zaidi Kivu ni Guigoz, kopo la bati la maziwa ya unga ya watoto yenye asili ya Uswisi. Maziwa yaliisha zamani, kopo likabaki kuwa kipimo. Yapo pia mabakuli ya plastiki, vikombe, ndoo, bidoni za lita 20, na chupa ya bia ya sentilita 72 ambayo sasa hubeba mafuta ya mawese.

Goma haiko peke yake. Mkenya ana gorogoro yake. Kaskazini mwa Tanzania wana sado, kopo la rangi la lita nne. Debe la mafuta ya taa limepima mahindi Afrika Mashariki nzima kwa vizazi. Kabla ya mabati hayo yote, pwani ilikuwa na pishi na kibaba: vibaba vinne, pishi moja. Wapimaji wa pwani waliweka hata tofauti ambayo soko la leo limeisahau: kibaba cha tele kilikuwa chenye kilele, na kibaba cha mfuto kilikuwa kile kilichopanguswa juu kikawa sawa na ukingo. Anayeagiza alisema anataka kipi.

Lita moja, uzito tofauti

Mwanzo wa kuelewa ni maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, au karibu sana na hapo. Wengi huchukua hesabu hiyo na kuipeleka kwa kila kitu kinachoingia katika chombo, na hapo ndipo wanapopotea. Punje zina nafasi katikati yake, unga una hewa, na mafuta ni mepesi kuliko maji.

Chukua kopo la lita moja, lijaze mfuto, kisha liweke juu ya mizani. Utapata takriban hivi:

- Chumvi laini: gramu 1,200
- Maji: gramu 1,000
- Mafuta ya mawese: gramu 910
- Sukari: gramu 830
- Mchele: gramu 800
- Maharage makavu: gramu 770
- Mahindi ya punje: gramu 720
- Karanga zilizomenywa: gramu 620
- Unga wa muhogo: gramu 500 hadi 600
- Unga wa ngano: gramu 480 ukichekechwa, 600 ukichotwa na kushindiliwa

Hizi ni wastani. Maharage madogo hujipanga vizuri kuliko makubwa, na mchele uliovunjika hujaza mianya kuliko mchele mzima. Lakini orodha inatosha kuonyesha kwamba bei ya kopo la maharage na bei ya kopo la unga wa muhogo haziwezi kulinganishwa kwa kuangalia kopo. Makopo mawili yakiuzwa kwa noti ileile, mnunuzi wa maharage ameondoka na robo tatu ya kilo na zaidi kidogo, na mnunuzi wa unga ameondoka na nusu kilo na kidogo.

Mafuta nayo yana hila yake. Bidoni ya lita 20 ya mawese haina kilo 20 bali 18 na kidogo. Aliyenunua kilo 20 kwa mizani atajaza lita 22. Mchuuzi anayejua hesabu hiyo ana lita mbili ambazo mwenzake hana, na wote wawili wanaapa kwamba wameuza kwa haki.

> Kilo 20 za mawese ni lita 22. Bidoni ya lita 20 ni kilo 18.

Mdomo wa chombo

Kilele ndicho kinachozua ugomvi mwingi. Wateja huona kilele kama ukarimu, na wauzaji hukitumia kama tangazo. Ukubwa wake, hata hivyo, hautokani na moyo wa muuzaji peke yake. Unatokana na upana wa mdomo wa chombo.

Tuseme kuna vyombo viwili, kila kimoja lita moja kamili. Cha kwanza ni kopo refu lenye mdomo wa sentimita 10. Maharage yakirundikwa juu yake hadi kimo cha sentimita 2.5, kilele kinaongeza mililita 65, chini ya asilimia 7. Cha pili ni bakuli la chini lenye mdomo wa sentimita 20. Kwa mteremko uleule, kilele chake kitafika sentimita 5 na kubeba mililita 520, zaidi ya nusu ya bakuli lenyewe.

Kwa hiyo bakuli pana la tele na kopo jembamba la tele ni vipimo viwili tofauti kabisa, hata kama vikijazwa maji vinatoka sawasawa. Mteja anayehama kutoka meza moja kwenda nyingine akifuata kilele kirefu huenda anafuata macho yake tu.

Chini ya kopo nako kuna mambo. Malalamiko ya zamani katika masoko ya Kongo ni kopo lililogongwa kitako kikaingia ndani. Katika kopo lile jembamba, kitako chote kikipanda sentimita moja, mililita 78 zimepotea. Mteja anatazama juu, hasara iko chini.

Upande wa muuzaji

Ukimwita muuzaji mwizi kabla ya kupiga hesabu yake, utakuwa umemwonea. Gunia la kilo 100 za maharage lina takriban lita 130. Akiuza makopo ya lita moja ya mfuto, atauza 130. Akiuza ya tele, hata katika kopo jembamba, atauza 122. Makopo manane yameondoka kama kilele, na bado hajatoa matabishi. Akitumia kopo lililogongwa kitako, na kulipangusa, atauza 141.

Kati ya 122 na 141 kuna makopo 19. Humo ndimo hukaa faida yake yote, pamoja na ushuru wa meza, malipo ya msukuma chukudu, punje zilizooza na mchango wa likelemba, yaani upatu. Wengi wa wanawake hawa huuza kwa mtaji wa kukopa. Mwenye bohari hampi matabishi. Yeye humpimia kwa mizani.

Kuna sababu nyingine inayomfanya alipende kopo, nayo ni noti. Mteja wa Birere haji na pesa ya kilo. Anakuja na pesa ya chakula cha jioni, noti ya faranga 500 au 1,000, na anataka kitu kinacholingana na noti hiyo. Bei ya gunia ikipanda, muuzaji hawezi kumwambia mteja alete faranga 37 zaidi. Anabadilisha chombo, au anapunguza kilele. Bei inabaki palepale, chakula kinapungua.

Baada ya waasi wa M23 kuutwaa mji mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango na pesa taslimu zikawa adimu. Katika hali ya namna hiyo chombo kidogo ndicho kinachoweka biashara hai. Mizani ingemwonyesha mteja gramu ngapi ameondoka nazo, lakini isingemwongezea hata moja.

Upande wa mnunuzi

Mnunuzi naye ana kesi yake, na ni nzito. Yeye hajui kopo la jana na la leo kama ni lilelile. Hajui kama unga umechekechwa asubuhi ukajaa hewa, au umekaa guniani ukajishindilia. Ndiyo maana wanunuzi wazoefu huomba kopo litikiswe kabla ya kuongezwa, na wauzaji wazoefu huchota taratibu ili lisitikisike.

Anayeumia zaidi ni yule anayenunua kidogokidogo kila siku. Mwenye mshahara hununua gunia kwa kilo mara moja kwa mwezi. Mwenye kibarua cha siku hununua kopo moja, na kila upungufu mdogo wa kitako au kilele unamfuata siku 30. Asilimia 8 ya kila kopo kwa mwezi ni zaidi ya milo ya siku mbili.

Pia hana njia ya kulinganisha. Akisikia kwamba maharage yameshuka bei kwa kilo ng'ambo ya mpaka, hawezi kujua kama kopo la Birere ni ghali au rahisi. Habari ya bei ipo, ila iko katika kipimo kingine.

> Bei inabaki palepale, chakula kinapungua.

Mizani nayo si malaika

Wapo wanaosema dawa ni moja: mizani kila meza. Kisheria hoja yao ina nguvu. Mfumo wa mita, uliopitishwa Ufaransa Aprili 1795, ulikuja baada ya kilio kirefu cha wakulima waliochoshwa na vipimo vya mabwana wao, vilivyojazwa tele wakati wa kupokea na mfuto wakati wa kutoa. Kongo iliupokea mfumo huo kupitia Wabelgiji. Nchi ina ofisi ya ukaguzi, OCC, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1974, na upimaji ni sehemu ya kazi zake.

Majirani wamepambana na jambo hilohilo upande wa gunia. Tanzania imekuwa ikipiga vita lumbesa, gunia lenye kilele cha kushonewa, kupitia Wakala wa Vipimo. Kenya katika kanuni zake za viazi za mwaka 2019 iliweka kikomo cha kilo 50 kwa mfuko. Katika nchi zote mbili gunia la kilele limeendelea kuonekana barabarani, kwa sababu mwenye lori ana nguvu kuliko mkulima.

Mizani pia ina njia zake za kudanganya. Ile ya kuning'iniza yenye springi huchoka, na mshale wake unaweza kuanza juu ya sifuri. Zaidi ya hapo, uzito huhesabu maji na mchanga kama chakula. Maharage mabichi yenye unyevu wa asilimia 18, yakikaushwa hadi asilimia 12, kilo 100 zinageuka kuwa 93. Aliyenunua kwa kilo amelipia kilo saba za maji. Mchanga ni mzito mara mbili ya maharage kwa ujazo uleule. Anayeuza kwa kilo ndiye mwenye sababu ya kuuacha ndani.

Kopo haliwezi kuhadaiwa kirahisi na mchanga, na mizani haiwezi kuhadaiwa na kilele. Kila kipimo kina upofu wake.

Waislamu wa Goma, kama wenzao wa Kigoma na Lamu, hukutana na fumbo hili kila mwisho wa Ramadhani. Zaka ya fitri imewekwa kwa ujazo, pishi moja ya chakula kwa kila mtu. Leo wengi huitoa kwa uzito, na kiwango kinachotajwa mara nyingi ni kilo mbili na nusu. Lakini pishi ya mchele na pishi ya mahindi haziwezi kuwa na uzito mmoja, ndiyo maana wapo wanaosema kilo tatu, kwa tahadhari.

Kutoka sokoni hadi jikoni

Nyumbani, kosa la kipimo linasameheka au halisameheki kulingana na chungu. Maharage na sombe, yaani majani ya muhogo, husamehe. Bugali husamehe, maana mpishi huongeza unga huku akisonga mpaka mkono umwambie inatosha. Mkate na keki havisamehi.

Waokaji wa keki za harusi na ubatizo mjini hapa hufuata maelekezo ya Kifaransa yanayosema gramu, au ya kwenye simu yanayosema vikombe vya Kimarekani. Kikombe cha Marekani ni mililita 240 hivi. Nchi nyingine hutumia kikombe cha mililita 250. Kikombe cha chai cha nyumbani kinaweza kuwa chochote. Kikombe kimoja cha unga wa ngano uliochekechwa ni gramu 115. Ukichota moja kwa moja mfukoni unafika 145. Keki yenye vikombe vitatu imeongezewa gramu 90 za unga, na mwokaji analaumu mayai.

Goma nayo iko mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, maharage huchelewa kuiva, na makaa huteketea zaidi. Keki huumuka haraka kuliko pwani, hivyo baking poda iliyopimwa kwa kijiko cha kilele huipandisha kisha kuiangusha.

Asiye na mizani anaweza kutengeneza ya muda. Fimbo nyepesi iliyofungwa kamba katikati, mfuko kila upande. Upande mmoja weka chupa ya nusu lita ya maji, upande wa pili mimina unga hadi fimbo ilale sawa. Hiyo ni nusu kilo, na gramu chache za plastiki. Ukishapima, mimina unga ule katika kikombe chako na uweke alama. Kwa siku zote zijazo kikombe hicho kinajua uzito.

Kijiko kinapokuwa dawa

Kuna mahali ambapo tofauti ya tele na mfuto si suala la faida. Goma inakifahamu kipindupindu. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika mjini na kando yake kwa mamia ya maelfu, watu karibu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Ardhi ya mawe ya volkano haikuchimbika, na maji safi yalikuwa machache.

Ugonjwa huo haujaondoka Kivu. Silaha ya kwanza ni maji ya chumvi na sukari. Pakiti ya kisasa imepimwa gramu kwa gramu kiwandani na inapaswa kuchanganywa na lita moja kamili ya maji salama. Pakiti ikikosekana, maelekezo ya nyumbani ni vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja. Vyote viwe mfuto.

Nusu kijiko cha chumvi cha mfuto ni gramu tatu hivi. Kikijazwa tele kinaweza kukaribia mara mbili ya hapo, na chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto aliyekaukiwa maji. Mama aliyezoea sokoni kwamba kilele ni wema, akifika nyumbani akapima dawa kwa wema huohuo, atamdhuru mwanawe kwa mkono wa upendo.

> Nusu kijiko cha chumvi, mfuto: gramu 3. Kilele hapa si ukarimu.

Nini kifanyike

Kulipiga marufuku kopo kungekuwa kuwaadhibu wale wanaonunua kwa noti ndogo. Kuliacha kama lilivyo ni kuwaacha walewale walipe upungufu wasiouona. Kati ya hayo mawili kuna njia isiyohitaji waziri wala mfadhili.

Kwanza ni kuurudisha mfuto. Kamati ya soko inaweza kukubaliana kwamba kila kopo linapanguswa kwa kijiti kilichonyooka, na matabishi yatolewe baada ya hapo, waziwazi, kama zawadi. Mfuto unaondoa ugomvi wa kilele na kuufanya mdomo wa chombo usiwe na maana.

Pili ni kulipima kopo kwa maji. Chupa ya lita moja inatosha kufichua kitako kilichogongwa. Kopo lililopita litiwe alama ya rangi.

Tatu ni ubao mmoja kwenye mlango wa soko, wenye orodha kama ile ya hapo juu: kopo la maharage gramu kadhaa, la mchele kadhaa, la unga kadhaa. Pembeni yake mizani moja ya wote, ambapo mwenye shaka anaweza kupima mfuko wake bila kugombana na mtu.

Bei itapanda, maana barabara hazijatulia na magunia yanapungua. Lakini ipande katika tarakimu, mbele ya macho, ili mteja aamue kununua kopo moja au nusu. Muuzaji pia atapumua: hatalazimika kuficha kwenye kitako kile ambacho mwenye bohari amemtoza hadharani.

Gharama ya mizani ile moja isiwekwe kwa wanawake wa mezani. Wenye mabohari tayari wanazo, na ndizo wanazowapimia wanawake hao kila asubuhi. Mojawapo ikitolewa nje ya bohari na kuwekwa mlangoni pa soko, kazi itakuwa imeanza.